Jina Lililokuwa Ndani ya Taka: Je, Faini ya Pipa la Umma ni Haki?

Sisi watu wa mpakani tuna Busia mbili zenye jina moja, ya Kenya na ya Uganda. Tuna Malaba mbili vilevile, na ukipanda kaskazini kidogo upande wa Uganda unafika Tororo, ambako mwamba wake unaonekana kutoka mbali. Kisa ninachoanzia insha hii kilitokea katika mmojawapo wa miji hiyo. Sitasema upi, kwa kuwa kingeweza kutokea katika wowote, na kwa kuwa nia yangu si kuishtaki ofisi bali kuuliza swali ambalo limeninyima raha tangu Juni mwaka jana.

Chuo kilipofunga nilikwenda kukaa kwa shangazi yangu, ambaye nyumbani tunamwita Senge. Amepanga chumba katika ploti yenye vyumba tisa, choo kimoja na ua uliosakafiwa kwa saruji. Anauza wale dagaa ambao upande mmoja wa mpaka huitwa omena na upande wa pili mukene. Taka za ploti ile huchukuliwa na kijana mwenye mkokoteni, ambaye kila chumba humlipa kidogo kidogo. Mwezi ule kijana alikuwa hajapita kwa wiki tatu. Mifuko ilijaa nyuma ya mlango, nzi wakajaa, na maji yenye harufu yakaanza kutiririka kuelekea jikoni. Senge alisema tumsubiri. Mimi nilichoka kusubiri. Alfajiri moja nilibeba mfuko mmoja, nikautia katika pipa la soko, pipa ambalo limewekwa kwa ajili ya wachuuzi na wapita njia. Kwenye pipa hilo pameandikwa kwa rangi kwamba taka za nyumbani haziruhusiwi. Nilikuwa nayajua maandishi hayo.

Saa nne asubuhi askari wawili wa mji waliumwaga mfuko ule chini, wakakuta kitabu cha hesabu cha binamu yangu, kilichokwisha kurasa, chenye jina lake na la shule yake. Walikwenda shuleni. Mtoto akaitwa kutoka darasani, wenzake wakimtazama, akawaongoza hadi nyumbani. Askari mmoja akauliza, "Jina hili ni la nani?" Senge akajibu, "Ni la mwanangu." Hawakuuliza ni nani aliyebeba mfuko. Walimwambia kwamba akilipa palepale bila risiti atatoa nusu, na akitaka risiti atafuatana nao ofisini alipe yote. Senge alisema anataka risiti. Alilipa kwa fedha aliyokuwa ameitenga kununulia mzigo wa samaki, na wiki ile hakwenda sokoni. Muda wote huo mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na sikufungua kinywa.

Basi swali langu ni hili: je, mamlaka ya mji ina haki, nasema haki ya kimaadili wala si ya kisheria tu, kumtoza faini mtu wa kawaida aliyetia taka za nyumbani mwake katika pipa la umma? Na kama haina, je, mimi niliyetia taka zile sina kosa? Wengi tunaojadili mambo haya bwenini huyachukua maswali haya mawili kuwa ni moja. Tukishaona kwamba serikali imekosea, tunahitimisha kwamba mwananchi yu safi. Nitajaribu kuonyesha kwamba ni maswali mawili, na kwamba jibu la moja halilipi deni la jingine.

Nianze na hoja za wanaotetea faini, kwa sababu si hoja nyepesi. Pipa la soko ni mali ya wote, lakini lina ukubwa wake. Wachuuzi hulipa ushuru wa kila siku, na sehemu ya ushuru huo inatarajiwa kurudi kwao kama huduma ya usafi. Mtu wa nyumbani anayeleta mfuko wake alfajiri anatumia nafasi ambayo mwingine ameilipia. Mfuko mmoja hauonekani, lakini ploti zetu ni nyingi. Immanuel Kant alitufundisha kujiuliza: je, ningependa kanuni ninayoifuata iwe kanuni ya kila mtu? Nikiliuliza pipa lile swali hilo, jibu ni rahisi. Kila nyumba ikileta mfuko wake, kufikia saa mbili pipa limefurika, taka ziko barabarani, mvua ikinyesha mitaro inaziba, na maji machafu yanaingia mahali ambapo watu wanauza nyanya na matembele. Watu wa mpakani hatuhitaji kuelezwa kipindupindu ni nini.

Tena si haki peke yake inayolindwa na sheria, bali na wajibu pia. Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, lakini ibara ya 17 inamtaka kila raia ayatengeneze na kuyalinda mazingira hayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inatoa haki hiyo katika ibara ya 42, kisha katika ibara ya 69 inamwekea kila mtu wajibu wa kushirikiana na vyombo vya dola na watu wengine kuyahifadhi mazingira. Mtetezi wa faini atasema: haki bila wajibu ni ulafi, na wajibu bila adhabu ni ombi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nakubali yote hayo. Hata hivyo, hoja hizo zinatuambia kwa nini tendo lile ni baya. Hazituambii kama anayeadhibu anastahili kuadhibu, wala kama aliyeadhibiwa ndiye aliyestahili adhabu. Hapo ndipo ninapoona matatizo matatu.

Tatizo la kwanza ni la uwezo. Ni kanuni ya kale ya maadili kwamba mtu hawezi kudaiwa lisilo katika uwezo wake. Tuziangalie njia zilizokuwa mbele ya Senge. Kuchimba shimo hakuwezekani, ua ni wa saruji na si wake. Kuchoma taka kungeziletea moshi nyumba nane za jirani, na nako kunakatazwa. Kumtafuta kijana mwingine mwenye mkokoteni kunawezekana, lakini katika mtaa wetu kila mtu anajua kwamba baadhi yao hupokea fedha mchana na kumwaga mzigo mtaroni usiku. Njia iliyobaki ni kusubiri, nayo ndiyo aliyoichagua.

Hapa lazima niwe mkweli. Siwezi kusema kwamba kutotumia pipa kulikuwa hakuwezekani. Kuliwezekana, kwa sababu Senge mwenyewe alikuwa akikuweza. Lakini kati ya lisilowezekana na lililo rahisi kuna uwanja mpana, na maisha ya watu wengi yako katika uwanja huo. Mtu anaweza kuishi na taka za wiki tatu katika chumba anacholala na kupikia, kama vile anavyoweza kutembea kilomita kumi kutafuta maji. Sheria inayodai uvumilivu wa namna hiyo kutoka kwa mpangaji, huku yule anayeishi katika nyumba yenye geti akichukuliwa taka zake mlangoni kila wiki, haidai kitu kimoja kutoka kwa watu hao wawili, ingawa maneno yake ni yaleyale.

Tatizo la pili ni la nani hukamatwa. Fikirini watu watatu wa ploti moja. Wa kwanza anamwaga taka mtaroni usiku wa manane. Wa pili anampa mwenye mkokoteni bila kuuliza zinakokwenda. Wa tatu anazifunga vizuri katika mfuko na kuzitia katika pipa ambalo si lake. Ukiwapanga kwa madhara waliyosababisha, wa tatu ndiye mwenye kosa dogo zaidi, kwa maana taka zake angalau zitapakiwa na gari linalokwenda jalalani. Lakini mtaro hauhifadhi majina. Pipa huyahifadhi. Yule aliyejaribu kufanya jambo linalokaribia usahihi ndiye anayeacha ushahidi. Senge hakupatikana kwa kuwa alikosa kuliko majirani. Alipatikana kwa kuwa mtoto wake anajua kuandika jina lake.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hata mwizi aliyekamatwa hawezi kujitetea kwa kusema wezi wengine hawajakamatwa. Ni kweli. Lakini kama njia ya kukamata wezi inawapata daima wale walioiba kidogo na kuwaacha walioiba zaidi, basi hiyo si bahati mbaya tena, ni mpango. Na mpango huo unatoa fundisho. Wiki iliyofuata jirani yetu mmoja aliniambia kwamba sasa anachana kila karatasi yenye jina kabla ya kutupa. Hakusema kwamba ameacha kutupa.

Fundisho hilo linafanana na jambo walilolipata wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000. Walichunguza vituo kumi vya kulelea watoto katika mji wa Haifa, Israel, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao. Katika vituo sita iliwekwa faini ndogo kwa kila anayechelewa. Wazazi waliochelewa wakaongezeka badala ya kupungua, na hata faini ilipoondolewa hawakurudi katika hali ya mwanzo. Zamani mzazi aliyechelewa alimwonea haya mwalimu aliyebaki akimngoja. Baada ya faini, alijiona amelipia muda wa ziada. Faini iligeuka bei. Kwetu nako, mwenye hoteli kubwa anaweza kuitoa faini mfukoni kama anavyotoa ushuru mwingine wowote, na kwake kosa linakuwa huduma aliyoinunua. Kwa Senge faini hiyohiyo ni wiki nzima bila biashara. Finland iliona tatizo hili mapema, na tangu mwaka 1921 baadhi ya faini huko hupimwa kwa kipato cha mkosaji. Sisi tunaendelea kuwapima watu wote kwa kibaba kimoja na kuiita hali hiyo usawa.

Tatizo la tatu ni la anayeadhibu. Tunaambiwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nyuma yake iko wapi? Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya linazipa kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majalala. Uganda nayo imeziachia halmashauri za miji kazi hiyohiyo. Kwa hiyo mwananchi na mamlaka wana ahadi kati yao: wewe toa ushuru na uzuie taka zako, nami nitazichukua. Mamlaka isipozichukua kwa wiki tatu, mwananchi hana kitabu cha faini cha kumwandikia mtu.

Tunajua pia kwamba uzembe wa juu huua watu wengi kuliko uzembe wa chini. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, ambalo Kampala ilikuwa ikilitumia tangu mwaka 1996, liliporomoka na kuzifukia nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mwezi uliofuata mkurugenzi mtendaji wa mamlaka ya jiji aliachishwa kazi. Waliokufa pale hawakuuawa na mfuko wa mtu mmoja aliyekosea pipa. Mlima ule ulijengwa na taka zilizotupwa kihalali, zikachukuliwa kihalali, zikarundikwa mahali ambapo kila mwenye dhamana alijua pamejaa.

Na sisi wa mpakani tuna sababu nyingine ya kutilia shaka wazo kwamba adhabu peke yake ndiyo inayolifanya tendo liwe baya. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ni marufuku Kenya, na adhabu yake ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 za Kenya, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Uganda imekataza ile myembamba tu, isiyofikia maikroni 30, na hata hiyo, kaveera kama tunavyoiita, bado unafungiwa mandazi dukani. Mama anayevuka na kaveera yake pale Busia hubadilika kutoka mteja hadi mhalifu katika hatua chache. Moyo wake haujabadilika, wala mfuko. Kama tungekuwa hatuna kipimo kingine cha wema na ubaya isipokuwa kitabu cha faini, watu wa mpakani tungekuwa na dhamiri mbili, moja ya kila upande.

Nilipofika hapa katika kufikiri, nilijiona nimemaliza. Faini haikuwa haki, basi nami sikuwa na kosa. Nilikaribia kuiandika insha hii hivyo. Kilichonizuia ni mama mmoja anayefagia soko.

Siku mbili baada ya tukio nilimkuta akilipakua pipa lile kwa mikono, glavu zake zimepasuka vidoleni. Mfuko mmoja ulimpasukia. Ulikuwa na nepi za mtoto na mabaki ya chakula cha siku nyingi, na maji yake yalimwagikia miguuni, naye amevaa kandambili. Haukuwa mfuko wangu. Wangu ulikwisha kuondolewa. Lakini ulikuwa ndugu yake. Nilisimama nikajaribu kumwambia, kimoyomoyo, zile hoja zangu zote: habari za mkokoteni, za saruji, za Katiba, za Haifa. Hakuna hata moja iliyomhusu. Yeye si mamlaka ya mji. Hakuniahidi kitu akashindwa kukitimiza. Ameajiriwa kuondoa maganda ya ndizi na karatasi za wachuuzi, nami nilimwongezea taka za jikoni kwetu bila kumwomba wala kumlipa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba deni na faini ni vitu viwili. Faini ni jambo kati yangu na ofisi, na ofisi isiyotimiza sehemu yake hupoteza, kwa kiasi fulani, uso wa kunidai. Deni ni jambo kati yangu na mtu aliyebeba uzito wa tendo langu. Kushindwa kwa ofisi hakulifuti deni hilo. Nilikuwa na madeni mawili: moja kwa mama mfagiaji, na jingine kwa Senge aliyelipa huku nimenyamaza. Faini haikulipa hata moja kati ya hayo. Ilimchukulia fedha mtu asiyetupa taka, ikazipeleka mahali ambapo mfagiaji hazioni, na aliyetupa akabaki mlangoni. Kama adhabu ina maana yoyote ya kimaadili, ni kumrudisha mkosaji mbele ya watu aliowakosea. Hii ilinificha.

Kwa hiyo sisemi kwamba faini zifutwe. Nasema kwamba faini ya taka inakuwa ya haki ikitimiza masharti manne. Kwanza, mahali halali pa kutupia pawepo kabla ya adhabu, na ratiba ya kuchukua taka ifuatwe. Pili, kosa la mara ya kwanza lipewe onyo, na mtoto asitumiwe kuwa kielekezo cha askari. Aibu ya binamu yangu darasani haikuwa imeandikwa katika sheria yoyote. Tatu, kiasi kilingane na uwezo wa mkosaji. Nne, asiye na fedha apewe nafasi ya kulipa kwa kazi. Hili si jambo geni: Kenya ina sheria ya adhabu ya kutumikia jamii tangu mwaka 1998, na Uganda tangu mwaka 2000, kwa ajili ya makosa madogo. Kama ningepewa Jumamosi mbili za kupakua pipa pamoja na yule mama, ningejifunza kile ambacho risiti ya Senge haikunifundisha.

Najua nitapingwa kwamba nikisubiri masharti hayo yatimie, miji yetu itazama katika taka. Sijasema tusubiri kwa kila mtu. Kiwanda, hoteli, duka la jumla na mwenye ploti anayepokea kodi ya vyumba tisa bila kununua pipa hata moja, hao wana uwezo wa kuchagua leo. Waanze wao. Haki inapokuwa na mikono michache, ianze kwa mwenye uchaguzi mwingi kabla ya kumfikia mwenye uchaguzi mchache. Sasa hivi tunaanzia chini kwa sababu chini ndiko kusikokuwa na wakili.

Usiku wa mwisho wa likizo nilimwambia Senge kwamba mimi ndiye niliyepeleka mfuko. Alikuwa akichambua samaki, hakuinua macho. Akasema, "Nilijua, mwanangu. Nani mwingine hapa huamka alfajiri?" Nikamuuliza kwa nini basi hakuwaambia wale askari. Akasema, "Walikuwa wanatafuta jina. Jina walikuwa nalo." Kisha akaniuliza nitamrudishia lini fedha yake.

Nimemrudishia nusu. Kwa yule mama wa soko bado sijajua nirudishe nini. Nilimpelekea glavu, akazipokea akashukuru, akaniuliza ni za kazi gani, kwa sababu yeye hakujua kwamba kuna mtu anayemdai wala anayedaiwa naye. Nilishindwa kumweleza. Insha hii ni jaribio la pili.